Maziwa ya Mtoto, ya B.

Jumatano saa nne asubuhi nilimtia mchukuzi wa mizigo kwenye spiriti kwa mara ya tatu, na nilipomtoa na kumsugua kwa mswaki, pua yake ilikuwa imepungua.

Si kwamba alikuwa na pua ya kuchezea. Ni mtu wa mbao wa kimo cha pingili ya kidole, kichwa chake kama punje ya choroko. Pua ya mtu wa namna hiyo unaiamini zaidi ya kuiona. Lakini mama yangu aliichonga, ilikuwepo, na sasa nilikuwa naisugua pamoja na rangi niliyoiharibu mwenyewe. Nilimlaza juu ya kitambaa nikamwomba radhi. Ndiko nilikokuwa nimefika, kuomba radhi vipande vya mbao.

Mama alikuwa fundi wa mifano midogo. Kazi yake ya mwisho ilikuwa watu arobaini wa kusimama ndani ya mfano wa stesheni ya zamani, kwenye jumba la makumbusho ya reli. Aliwachonga wote. Akapaka rangi thelathini na saba. Halafu Jumapili moja akasema kichwa kinamgonga, ngoja ajinyooshe kidogo, na hakuamka tena. Brashi yake tuliikuta ndani ya glasi ya maji. Walibaki watatu: mchukuzi wa mizigo, askari, na mwanamke aliyekaa juu ya sanduku.

Wiki chache baada ya matanga alikuja bwana wa makumbusho. Mama alikuwa akimwita Bwana Lenzi, kwa sababu ile lenzi yake ya kukuzia inaning'inia shingoni hata anapokunywa chai. Alitupa pole kwa adabu zote, akakohoa, akasema kilichomleta.

"Dada, wageni watawatazama hawa watu kwa kioo kikubwa. Lazima wote arobaini waonekane wametoka mkono mmoja. Ukiweza hao watatu, mimi nashukuru. Ukishindwa sikulaumu, lakini itabidi nimpe kazi fundi mwingine, na yeye ameshaniambia hawezi kuiga. Atawaosha wote aanze upya."

"Wote?"

"Wote, dada. Nakuja Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita mchana."

Atawaosha wote. Hilo nisingelikubali. Maana mama hakupaka watu wa kubuni. Kwenye jukwaa la stesheni yupo jirani yetu mshonaji, na lile tabasamu lake la kudai alishamaliza nguo ambayo hajaikata. Yupo muuguzi wa zahanati ya mtaani. Nipo mimi nikiwa na miaka kumi na moja, nimenuna, kwa sababu siku zote mama alisema mimi nilizaliwa nimenuna. Na nyuma ya dirisha la tiketi, kivulini, amekaa karani ambaye ni baba yangu mtupu. Picha za mama tunazo kabatini. Ila picha zinatuonyesha sura yake, na mimi nilitaka kubaki na alivyotuona sisi. Hilo lilikuwa ndani ya vile vichwa vya choroko tu, na lilikuwa linaenda kuoshwa kwa spiriti.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nachonga na kung'arisha vitu vidogo kila siku ya Mungu, mkono wangu hautetemeki. Kwa hiyo nikachukua likizo ya wiki mbili, nikajitia kimbelembele kwamba nyuso tatu zitanishinda kwa lipi.

Zilinishinda kwa uzito. Sikosei rangi yenyewe, mama aliacha vichupa vya ngozi vimeshachanganywa, vina namba. Ni uzito wake. Ikiwa nzito inajaza macho, inaziba mdomo, na mtu anabaki kama amepigwa plasta. Ukiongeza maji inakimbia, inajikusanya chini ya kidevu, inaacha mashavu matupu yenye alama kama za kikombe mezani. Katikati ya hizo mbili pana mahali, mama alipajua, na mimi nilikuwa napatafuta siku ya tisa.

Na daftari lake nilikuwa nalo! Hilo ndilo lililokuwa linanitia wazimu. Mama aliandika kila kitu, ila kwa mkato, kama mtu anayelipia herufi. Ukurasa wa uzito ulisema hivi:

Mbao: uji wa mgonjwa, m. 2.
Nguo: maz. ya chai, m. 3.
Chuma: asali, m. 1.
Uso: maz. ya mtoto ya B., m. 9.

"M." nilijua ni matone. Matone mawili ya maji kwa kila kifuniko cha rangi, ukapaka mbao, ikakubali. Matatu kwa nguo, nguo zikakubali. Maziwa ya mtoto kila mtu anayajua, yale ya kopo, ya unga. Nikanunua kopo, nikayakoroga kama yalivyoandikwa ubavuni, nikalinganisha. Matone tisa kwa kifuniko, na kweli, rangi ikalingana na maziwa! Ilibaki hiyo "B.", nayo nikaona ni baridi. Basi nikaweka vichupa kwenye friji. Siku tatu baba yangu alikuwa anafungua friji kutafuta maji ya kunywa anakutana na ngozi za watu.

Kila mara uso ulitoka plasta.

Baba alikuwa fundi rangi wa nyumba kabla hajastaafu. Kuta za nusu ya mtaa huu ni kazi yake. Mama alikuwa anamtania kwamba yeye anapaka kwa ndoo na mkewe anapaka kwa unyoya, na wote wanaitwa mafundi rangi. Tangu mazishi hakukanyaga chumba cha kazi cha mama. Alikuwa anaweka kiti ukumbini, mlangoni kabisa, anakaa ananipa ubavu.

Jumatano hiyo, baada ya pua, nikapiga meza kwa kiganja mpaka vichupa vikaruka.

"Baba! Hivi wewe miaka yote hiyo hukumwona anavyofanya?"

"Uso si ukuta, mama," alijibu bila kugeuka. Huwa ananiita mama tangu utotoni.

"Basi nisikilize. Uso, maziwa ya mtoto ya baridi, matone tisa. Ndivyo alivyoandika. Nimefanya vyote. Kuna kitu gani hapo ambacho mtu mzima hawezi kuelewa?"

Kiti kikalia. Baba alikuwa amegeuka.

"Soma tena."

"Maziwa ya mtoto..."

"Kaandika hivyo? Kaandika baridi?"

"Kaandika B. tu. Maziwa ya mtoto ya B."

Akasimama akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Chakula cha mchana kilipoa mezani, sikumwona mpaka jioni. Nilikasirika sana. Nilisema peke yangu, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mlango, kwamba wengine tunahangaika na wengine wanajifungia. Nayajutia maneno hayo mpaka leo, ila niliyasema.

Alhamisi nilimharibu askari. Jicho la kushoto liliziba, nikalichokonoa kwa sindano, sindano ikateleza ikachimba shavu. Mwanamke wa kwenye sanduku nikaogopa hata kumgusa. Saa nane mchana nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa. Sikulilia kazi. Nililia kwamba mama alikuwa amekufa wiki saba, na kesho saa sita mchana ningemwua tena kwa mkono wangu, mkono huu nilioringia.

Nikajifuta, nikachukua sanduku na pamba. Nikaanza kuwafunga wale thelathini na saba, mmoja mmoja, tayari kwa kukabidhi. Mshonaji. Muuguzi. Mimi mwenyewe na nuno langu. Nilipofika kwa karani wa tiketi, kivuli kikaanguka mezani. Baba alikuwa ameingia chumbani.

"Unafanya nini?"

"Nimeshindwa, baba. Yamenifika shingoni. Acha waoshwe."

Alitazama sanduku. Akamtazama yule karani mkononi mwangu, aliyefunikwa pamba mpaka kidevuni. Kisha akatoka, nikamsikia jikoni, kabati, kijiko, bomba. Aliporudi alikuwa ameshika lile kopo la maziwa chini ya kwapa, kijiko na glasi mkononi. Glasi imejaa maji. Akakaa kwenye kiti cha mama, jambo ambalo hata mimi nilikuwa sijathubutu. Mimi nilikuwa nakalia stuli kila siku.

Akachota kijiko kimoja cha unga. Kimoja. Akatia kwenye glasi nzima ya maji, akakoroga, akanisogezea.

Kilichokuwa ndani hakikuwa maziwa. Ilikuwa kama maji uliyosuuzia glasi ya maziwa, yana ukungu wa kibuluu, na vidole vya baba nilivihesabu ng'ambo ya pili.

"B. ni mimi," alisema. "Maziwa ya mtoto, ya baba. Hayo hapo."

Sikumwelewa. Akanieleza akiwa ameikazia macho ile glasi, hakuniangalia hata mara moja.

"Ulipozaliwa mama yako alibaki hospitali, alikuwa hajitambui. Wewe wakanipa nije nawe nyumbani. Nilikuwa sijawahi kushika mtoto. Siku ya kwanza nikakukorogea kama kopo linavyosema, ukapaliwa. Ukawa mweusi mikononi mwangu. Nikakupigapiga mgongoni mpaka ukarudi. Basi nikaogopa. Nikasema ni mazito, yatamwua mtoto. Nikawa natia kijiko kimoja. Siku kumi na tisa, mama. Ulikuwa unanyonya chupa nzima na bado unalia, mimi nasema huyu mtoto ana hasira tu. Nilipokupeleka kupimwa yule nesi alikuweka kwenye mizani, akaniangalia. Akaniuliza unampa nini. Nikamkorogea mbele yake. Wakakulaza, wakakutia dripu ya kichwani. Walisema siku mbili zaidi tusingekuwa na wewe."

Nitasema ukweli. Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa hasira. Miaka thelathini na nne nimesikia kwamba nilizaliwa nimenuna, wananicheka, na mimi nacheka nao, kumbe nilikuwa nakufa njaa. Nilitaka kumwuliza nilikuwa na kilo ngapi. Nilifungua mdomo kabisa.

"Mama yako alipozinduka nikamwambia mwenyewe," akaendelea. "Hakunigombeza. Alisema tu, ukuta unaupaka uji, mtoto unampa maji. Akacheka, akalia, yakaisha. Hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini. Mimi nikajua kasamehe." Akasukuma daftari kwa ncha ya kidole, taratibu, kama linaunguza. "Kumbe aliandika."

Hapo hasira yangu ikaishiwa miguu. Niliuona uso wa baba, uso mkubwa wa kweli, na sikuwahi kuona mtu aliyevunjika namna ile, hata siku ya mazishi. Kwake yeye lile daftari lilikuwa mashtaka, na aliyeshtaki hakuwepo tena wa kuombwa radhi.

"Baba, soma mstari wote," nikamwambia. "Soma neno la mwanzo."

"Uso."

"Mbao aliita uji wa mgonjwa. Chuma asali. Hayo ya kwako aliyatumia kwa kitu gani? Katika vitu vyote alivyopaka?"

Baba akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akasoma mpaka mwisho, na nikaona ufundi wake wa zamani unamrudia kidogo kidogo usoni.

"Hii m. umesema nini?"

"Matone."

"Matone?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mtoto wa fundi rangi wewe? Mikono! Ukuta unapigwa mikono miwili. Mbao mikono miwili, nguo mikono mitatu. Uso mikono tisa."

Mafundi wa rangi, kila unapopaka mara moja wanaita mkono. Neno hilo nimelisikia tangu naota meno. Na kila rangi yangu ilipokuwa nyepesi namna ile, mkono wa kwanza ulipopita bila kuficha kitu, nilisema imeharibika nikaimwaga. Sikuwahi kuuacha ukauke nikaona wa pili.

Nikachota tone moja la rangi ya ngozi kwenye kigae cheupe. Baba akashika kipira cha kudondoshea maji akawa anatia, na mimi nakoroga. Kila nikisema basi anasema bado. Tuliposimama ilikuwa maji machafu kamili. Nikadondosha tone kwenye ukucha wa dole gumba, ukucha ukaonekana wote chini yake.

"Hayo hayo," alisema baba kwa sauti ndogo. "Sasa kausha brashi kwanza. Mama yako alikuwa anaigusisha hapa." Akaonyesha mgongo wa mkono, chini ya kidole gumba, na nikakumbuka lile doa la kahawia ambalo mama hakuwahi kulitoa hata akienda harusini.

Nikamwosha askari upya kwa spiriti, na mkono wa kwanza juu yake haukuonyesha kitu. Wa pili, labda. Nilitaka kulia tena. Baba akasema subiri ikauke, akawa anapepea kwa jalada la daftari. Mkono wa tatu shimo la sindano likaanza kuonekana kama ndui ya utotoni. Wa nne shavu likawa na damu chini yake. Hapo jua likashuka, tukaacha, kwa sababu mama hakupaka uso kwa taa ya umeme maisha yake yote.

Ijumaa alfajiri tulianza mara tu dirisha lilipopauka. Mimi brashi, baba maji na upepo. Askari alimaliziwa mikono yake mitano iliyobaki, na mwanamke wa kwenye sanduku alipata mkono wa tisa saa tatu. Mchukuzi saa tano na robo, na pua yake ikarudi, sijui kwa njia gani, labda ilikuwa haijaenda mbali. Macho niliyaweka kwa unywele mmoja. Gari la makumbusho lilipopiga honi nje, nilikuwa bado napuliza.

Bwana Lenzi hakuketi. Tuliwapanga wote arobaini juu ya kitambaa cheupe dirishani, akainama na lenzi yake akaanza safu ya kwanza. Nilisimama nyuma yake nimeshika brashi bila sababu. Safu ya pili. Alimpita askari. Alimpita mwanamke. Akampita mchukuzi na pua yake. Baba alikuwa ameegemea mlango, macho chini.

Kwenye safu ya mwisho Bwana Lenzi alisimama. Akarudi. Akainama zaidi.

"Dada, nisamehe," alisema. "Wawili wamenipita, nakiri, hongera. Ila huyu mmoja ni wako. Huyu mkono wake ni mwingine."

Alikuwa anamwonyesha karani wa tiketi.

Nikainama kumtazama. Akadhani nimeona aibu, akanieleza kwa upole, ncha ya kalamu yake ikielea juu ya kola ya yule karani. "Tazama hapa shingoni. Kila mkono umeishia juu kidogo ya mwenzake, unaweza kuhesabu. Wengine wote ni tisa, tisa, tisa. Huyu nimefika ishirini na kitu nikapotea. Mama yako hakuwa mtu wa kupoteza kazi. Nani anampaka karani ishirini na kitu? Anakaa kivulini nyuma ya dirisha, hakuna mgeni atakayemwona."

"Huyo ni wa mama," nikasema. "Huyo alimpaka mama mwenyewe. Watatu wangu umeshawapita."

Bwana Lenzi aliinua kichwa. Akamtazama karani, akamtazama baba pale mlangoni, akamtazama karani tena. Akatoa karatasi yake mfukoni akatia sahihi kwa kusimama.

"Wanakuja kama walivyo," alisema. "Wote arobaini."

Baba akaja mpaka mezani akamwomba ile lenzi. Akainama juu ya yule mtu mdogo, akakaa hivyo muda mrefu, midomo inacheza, anahesabu. Nadhani naye alipotea, maana alianza upya mara mbili.

"Ishirini na kitu," alisema. "Ya maji yangu yale yale."

Akalia kwa sauti mbele ya mgeni, na mimi sikumnyamazisha.